Uzi: Seliaki ilininyima ngano, sembe ikanifunga choo. Nilivyofunguka bila kuishi kwa haluli

MamaCherehani (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Anayekula sasa hivi amalize kwanza, maana leo naongea choo na sitazunguka mbuyu.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Tabata. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kwenda chooni mara mbili kwa wiki, na nikienda ni vidonge vikavu kama vya mbuzi. Tumbo limejaa gesi, sketi nilizojishonea mwenyewe asubuhi zinafunga, jioni hazifungi. Kila niliyemweleza alinipa ushauri uleule: kula mkate wa brauni, weka pumba za ngano kwenye uji. Nikatii. Nilikula pumba za ngano miezi minane, kila asubuhi vijiko vitatu. Nilizidi kuvimba, na damu ikawa inashuka. Napewa vidonge vya kuongeza damu, nameza, damu haipandi, naongezewa vidonge.

Aliyenitoa gizani ni daktari kijana aliyeuliza swali moja: "Mama, hivi vidonge vya madini ya chuma unavyomeza vinaenda wapi?" Akataka nipime kingamwili za seliaki kwenye damu, zile wanaziita tTG. Majibu yakaja juu. Nikapitishiwa mpira wenye kamera mdomoni hadi utumbo mwembamba, wakanyofoa vinyama vidogo vikaenda maabara. Ikathibitika.

Kwa asiyeijua: seliaki siyo mzio wa kutoka vipele. Ni kinga ya mwili wako mwenyewe inayochachamaa ukila gluteni, ile protini inayofanya unga wa chapati uvutike. Ipo kwenye ngano, shayiri na rai. Kinga ikichachamaa inashambulia ukuta wa utumbo mwembamba, vile vijinyoya vinavyofyonza chakula vinalala chini kama zulia lililochakaa. Ndiyo maana chuma nilichomeza kilipita tu. Na zile pumba nilizokuwa nakula ili nipate choo ndizo zilizokuwa zinaniua polepole. Nikikumbuka nacheka, lakini si cheko la furaha.

Wengi wanajua seliaki kwa kuharisha. Mimi sikuharisha hata siku moja. Daktari alinieleza kwamba kuna wagonjwa wengi tu ambao dalili yao ni kukosa choo, hasa watoto.

Sasa hapa ndipo penye uzi wenyewe. Nikaacha ngano yote. Chapati, maandazi, tambi, sambusa, kalimati, kwaheri. Wiki ya tatu tumbo likashuka, nikaona nimepona. Mwezi wa pili choo kikafunga moja kwa moja. Siku ya sita sijaenda, nimekaa kwenye cherehani natoka jasho, mteja anadai gauni la kitchen party.

Mama mkwe akaja kutoka Temeke na silaha zake: chupa ya mafuta ya nyonyo na pakiti ya haluli, ile chumvi ya kufungulia choo. Nikanywa mafuta saa mbili usiku. Wakuu, saa sita nilikuwa chooni, saa nane nilikuwa chooni, alfajiri nilikuwa nimekaa sakafuni nimeegemea mlango nahesabu vigae. Vipo arobaini na viwili, kimoja kimepasuka. Kesho yake mwepesi kama karatasi. Halafu siku tano, kimya tena. Nikarudia. Nikaingia kwenye mzunguko: haluli Jumamosi, kimya hadi Ijumaa, haluli tena.

Nilipochoka ndipo nikakaa chini na daftari langu la vipimo vya wateja nikaandika ninachokula. Asubuhi: uji wa sembe au chai na wali wa jana. Mchana: wali. Usiku: ugali wa sembe na samaki, mboga kijiko kimoja cha kupamba sahani. Nilikuwa nimetoa ngano nikabaki na vitu vyeupe vilivyokobolewa. Sembe imeondolewa pumba na kiini, imebaki karibu wanga mtupu. Makapimlo, zile nyuzinyuzi, nilikuwa sipati popote.

Cha pili, vile vidonge vya chuma. Vinafunga choo na vinakifanya cheusi, hilo muuza duka la dawa yeyote atakwambia, ila mimi hakuna aliyeniambia. Daktari akanibadilishia: meza leo, ruka kesho. Sasa utumbo unapona, unafyonza, kwa hiyo kidogo kinatosha.

Cha tatu ni kukaa. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi magharibi mguu mmoja kwenye pedali, maji sinywi kwa sababu choo cha fremu kiko mbali na kinafungwa.

Nilichofanya: nikahamia dona. Nilinunua mahindi masafi mwenyewe, nikayachambua yaliyooza na yenye ukungu, maana dona la mahindi mabovu ni kujitafutia sumukuvu. Ulezi na mtama nao wamo ndani. Asubuhi viazi vitamu au magimbi badala ya mkate. Maharage au kunde kila siku, kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina karibu gramu 13 hadi 15 za makapimlo, na mtu mzima anatakiwa apate kama 25 hadi 30 kwa siku, kwa hiyo hapo nusu umeshaipata. Parachichi. Papai lililoiva, la kula na kijiko. Na mlenda. Nilikuwa naudharau, nikiuona kama chakula cha bibi kijijini Singida, sasa ndio mboga yangu mara nne kwa wiki.

Usiku naloweka ukwaju, kipande cha ukubwa wa yai kwenye glasi mbili za maji. Asubuhi nakamua, nachuja kokwa, nakunywa kabla ya kitu kingine, halafu nakula. Nikishakula, niwe na haraka nisiwe nayo, naenda chooni dakika kumi. Utumbo mpana huamka baada ya mlo, hasa wa asubuhi, ukiupuuza unalala tena.

Nilipanda taratibu, siyo siku moja. Wiki ya kwanza niliongeza mboga tu, gesi ikanitesa, nikasubiri. Ilichukua kama wiki tano. Sasa hivi naenda kila siku au siku moja baada ya nyingine, laini, bila kusukuma.

Bado nina swali moja kwenu. Kuna wiki tumbo linarudi kuvimba na sijala ngano hata chembe. Mwenye uzoefu anisaidie ngano inaingilia wapi.

---

Kibopa wa Tandika

Nimekuja mbio nikidhani ni uzi wa siasa. Vigae arobaini na viwili! 😂😂 Pole sana dada, ila umeandika vizuri.

---

mzee wa kahawa

Mleta mada samahani, haya magonjwa ya gluteni si ya wazungu? Sisi tumekula chapati tangu ukoloni. Mimi nadhani ni minyoo. Kunywa mwarobaini wiki moja.

---

Nesi Mstaafu

Mzee wa kahawa, shikamoo, ila hapo nakukatalia. Watu wa Sahara Magharibi, Waafrika wenzetu, ni miongoni mwa jamii zenye seliaki nyingi kuliko zote zilizowahi kupimwa duniani. Kaskazini mwa India wapo wengi. Inafuata vinasaba fulani na uwepo wa ngano kwenye sahani. Kwetu ni kweli siyo ya kila mlango, lakini asiyepimwa haonekani.

Na wala haikugunduliwa juzi. Daktari mmoja wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa akitibu watoto wenye ugonjwa huu miaka ya 1930 na tayari anashuku ngano. Ulipofika msimu wa njaa wa 1944 hadi 1945 mkate ukaadimika nchini mwao, na watoto wake wakapata nafuu wakati wengine wanakonda. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi.

Kwa MamaCherehani nina mawili.

La kwanza, dawa za asili za kufungua choo haziko sawa, na neno "asili" linawachanganya watu. Zipo zinazoongeza ujazo wa kinyesi na kushika maji: mlenda, bamia, mbegu za kitani, na lile ganda la mbegu linaloitwa isabgol, linalouzwa maduka ya Wahindi pale Kisutu na Upanga. Hizi unaweza kutumia siku nyingi. Zipo zinazovuta maji kuja kwenye utumbo: haluli yako ni hiyo, ndani yake ni chumvi ya magnesi, na mwenye figo mbovu asiiguse. Ukwaju na plamu kavu zinafanya kazi ya kuvuta maji kwa upole. Halafu zipo zinazochapa utumbo bakora ili ujikaze: sanamaki, shubiri, mafuta ya nyonyo. Hizo ni za dharura. Ukizizoea kila wiki unapoteza maji na potasiamu, misuli inalegea, moyo unaweza kwenda mrama. Utomvu wa njano wa shubiri Marekani waliuondoa kwenye dawa za kufungua choo zinazouzwa bila cheti mwaka 2002, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake.

Na ule ukimya wa siku tano baada ya nyonyo ulikuwa halali kabisa. Umefagia nyumba nzima, unashangaa hakuna taka kesho yake? Utumbo unahitaji siku kadhaa kujaa. Wengi hapo ndipo wanaponywa tena, wanaanza utumwa.

La pili, mwambie daktari wako akupime tezi ya shingo. Anayeugua seliaki yuko kwenye hatari zaidi ya kinga kushambulia na tezi hiyo, na tezi ikilegea choo kinafunga hata ule mlenda wa mkoa mzima.

---

MamaCherehani

Nesi ahsante sana, marahaba kwa niaba ya mzee. Tezi sikuwahi kupima. Nitapima nikirudi kliniki.

Isabgol nilijaribu mara moja, nikaweka kijiko kwenye maji kidogo, ikawa uji mzito nikashindwa kumeza.

---

Nesi Mstaafu

Uliweka maji kidogo, hapo ndipo ulipokosea. Kijiko kimoja cha chai kwenye glasi kubwa iliyojaa, koroga, kunywa hapohapo kabla haijaganda, kisha glasi nyingine ya maji juu yake. Usinywe ukiwa umelala au karibu na kulala. Ikikosa maji inaweza kuziba njia badala ya kuifungua. Anza na kijiko kimoja tu. Na iache mbali na vidonge vyako, angalau saa mbili, kwa sababu inaviokota njiani. Soma pakiti vizuri, nyingine huchanganywa na vitu.

---

Tabibu Asilia

NDUGU MLETA MADA USITESEKE. NINAYO DAWA YA MITI SHAMBA INASAFISHA UTUMBO MPANA, INATOA UCHAFU WA MIAKA 20, INATIBU SELIAKI, VIDONDA VYA TUMBO, NGUVU ZA KIUME. NJOO INBOKSI.

---

Kibopa wa Tandika

Uchafu wa miaka 20? Mtu ana kinyesi cha 2005 mpaka leo? Tabibu tuheshimu kidogo.

---

MamaCherehani

Tabibu, samahani. Seliaki haina dawa ya kuiponya, ni kuacha gluteni maisha yako yote. Na dawa za miti zisizo na maandishi nyuma mimi siwezi kuzimeza, sijui wamechanganyia na nini, unga wa ngano ni wa bei rahisi kuliko majani.

---

Mama Wawili Mbagala

Jamani nisaidieni. Mwanangu ana miaka minne, anazuia choo. Anasimama pembeni ya kabati amekunja miguu, analia. Hali kitu zaidi ya maandazi na uji wa lishe. Mama yangu anasema nimpe mafuta ya nyonyo kijiko. Na sasa nimesoma hapa naogopa, je nimwachishe ngano kesho?

---

Nesi Mstaafu

Mama, pole sana, na usifanye lolote kati ya hayo mawili.

Nyonyo na sanamaki usimpe mtoto mdogo bila daktari. Watoto wengi wanaozuia walishaumia siku moja, choo kilikuwa kigumu, wakaamua hawarudii. Kuna dawa laini kama laktulosi ambazo daktari humpa mtoto kwa wiki au miezi mpaka asahau yale maumivu. Muweke msalani baada ya mlo, miguu ikanyage kigoda isining'inie.

Na ngano usimwachishe kabla hajapimwa. Hili naliandika kwa herufi kubwa kichwani mwako. Ukiacha gluteni, kingamwili zinashuka na utumbo unaanza kupona, kipimo kinatoka safi na ugonjwa upo. Anayetaka kupimwa anatakiwa awe anakula ngano kila siku, angalau wiki sita. Chukua kadi yake ya kliniki uangalie ule mstari wa uzito. Kama umelala au unashuka, kama tumbo kubwa na miguu myembamba, kama amepauka, sema wazi mbele ya daktari kwamba unaomba apimwe seliaki. Mstari ukiwa unapanda vizuri, kuna uwezekano mkubwa ni maandazi tu na woga.

---

Mama Wawili Mbagala

Nimetoa kadi. Umelala tangu Machi. Kesho naenda.

---

Binti Magomeni

Mleta mada mimi ni mwenzako, mwaka wa nne sasa. Swali lako la ngano inaingilia wapi, naomba nikujibu maana nimelia sana kwenye hilo.

Mahindi yako unasagia wapi? Kama ni mashine ya mtaani, hapo umeshajijibu. Mimi nilikwenda na mahindi yangu safi kabisa, nikakuta mama mbele yangu anasaga unga wa lishe: mahindi, soya, karanga, ulezi, ngano. Yule kijana akagonga mfuko mara mbili, akamwaga yangu palepale. Baadaye nikaelewana naye. Nikawa naenda asubuhi wa kwanza, anapiga brashi, halafu kilo mbili za mwanzo zinapita kuosha mashine, hizo nampa jirani anayefuga kuku. Hata hivyo nilikuja kuacha, tumechangishana watatu tukanunua mashine ndogo ya umeme.

Vingine: chipsi za kibandani zinakaangwa mafuta yaliyotoka kukaanga sambusa. Urojo una unga wa ngano ndani yake, ndio unaoufanya mzito. Sosi ya soya ina ngano. Soseji nyingi. Bia na vile vinywaji vya kimea cha shayiri. Bagia zingine si dengu tupu. Kibao cha kukandia chapati nyumbani, ukikatia mboga juu yake umekula chapati. Mimi nina kibao changu na mwiko wangu, nimevifunga kitambaa chekundu, kila mtu ndani anajua ni vya Binti.

Na mwezi wa Ramadhani ndio tumbo linanifunga zaidi, maji hakuna mchana. Nimejifunza kufuturu na maji na tende, halafu muhogo na maharage, na kati ya futari na daku nakunywa glasi moja kila saa mpaka nilale. Tambi nanunua za mchele.

---

MamaCherehani

Binti umeniua. Mashine. Mimi ninayechambua mahindi punje kwa punje, halafu nayapeleka kwenye mashine ya lishe pale Segerea. Na huwa namuona kijana mwenyewe mweupe kama mzimu kwa vumbi la unga, sijawahi kujiuliza ni unga wa nani.

Wiki zilizonivuruga ni zile nilizotoka kusaga. Nimefungua daftari, zinalingana.

---

mzee wa kahawa

Haya, nimesoma hadi hapa na sibishi tena. Ila nina langu. Nina miaka 61, tangu mwezi wa nane choo kimebadilika, mara kigumu mara chembamba, na juzi niliona damu. Ngano nakula vizuri. Ukwaju huo nianze?

---

Nesi Mstaafu

Mzee wangu, usianze na ukwaju, anza na hospitali, na iwe wiki hii. Umri wako, choo kilichobadilika ghafla na damu, hayo hayatibiwi jikoni. Inawezekana ni bawasiri tu, lakini lazima mtu aangalie ndani. Hali kadhalika yeyote anayesoma hapa ambaye tumbo limejaa, anatapika, hatoi hata hewa: usinywe haluli, usinywe chochote, nenda dharura.

---

mzee wa kahawa

Nimesikia mwanangu. Kesho kijana wangu atanipeleka.

---

Kibopa wa Tandika

Swali la mwisho kabla sijalala. Vyoo vya kuchuchumaa na vya kukaa, vipi vinasaidia? Maana baba mwenye nyumba ametuwekea vya kukaa anasema ni maendeleo.

---

Nesi Mstaafu

Cha kuchuchumaa kinanyoosha ile kona ya mwisho ya utumbo, choo kinashuka bila kusukuma sana. Kwenye cha kukaa weka kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu ya kiuno, inama mbele kidogo.

---

MamaCherehani

Narudisha mrejesho. Wiki tatu zimepita tangu niliposoma ya Binti. Sijakanyaga ile mashine, jirani ananisagia kwenye ya kwake ambayo haijawahi kuona ngano. Tumbo halijavimba. Tezi nimepima, ipo sawa.

Jana asubuhi nikawa na hamu ya vitumbua, nikajua ni vya mchele, nikaenda kwa mama mmoja hapa jirani na kituo. Ameshanifungia vitano kwenye gazeti ndipo nikakumbuka kuuliza. "Mama, hivi ni mchele mtupu?"

Akanitazama kwa huruma. "Mchele mtupu mwanangu. Na ngano kidogo tu, ya kushikia."

Nimevirudisha. Leo usiku naloweka mchele wangu mwenyewe. Mwenye kipimo kizuri cha nazi na hamira aniwekee hapa chini.